Dizeli, Avokado na Kifua cha Mzee

Mimi ni mwalimu wa mitambo katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisii, na nimeolewa Nyamira, katika boma lililo mteremko mmoja kutoka soko la Kebirigo. Nayasema mambo haya mawili pamoja kwa sababu mwaka ule yaligongana. Chuoni nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi jinsi injini ya dizeli inavyokula, inavyopumua na inavyotoa uchafu wake nje, na sikuwa na haya yoyote kusema hivyo mbele yao. Nyumbani nilikuwa mokamwana, mke wa mwana, na mke wa mwana hamzungumzii baba mkwe habari za kupumua wala za uchafu, hata kama ni za injini.

Baba mkwe ana kisiagi, mashine ya kusaga unga. Alikinunua alipoacha kazi ya kuendesha lori la majani chai, akakijengea kibanda cha mabati kando ya barabara, na tangu hapo hajawahi kukaa nyumbani akapiga miayo kama wastaafu wengine. Injini yenyewe ni ya pistoni moja, ya rangi ya kijani, inawashwa kwa hendeli. Mlio wake unasikika hadi ng'ambo ya bonde, na ukisikika tu, wanawake wanatwika mahindi na wimbi. Ijumaa alasiri ndiyo siku yake kubwa. Kwetu wengi ni Wasabato, na jua likizama Ijumaa hakuna atakayesaga chochote, basi kila mtu anataka unga wake kabla ya Sabato. Mzee husimama katikati ya watu hao, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, na sijaona mtu mwingine anayefurahia kazi yake kiasi hicho.

Halafu akaanza kukohoa. Kilianza kikohozi cha asubuhi, kikaja cha jioni, kisha cha kutwa. Alipopelekwa kwa daktari mjini Kisii, daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza anafanya kazi gani, akamwambia waziwazi: moshi au kifua, achague kimoja. Mzee akarudi nyumbani, akavaa koti lake la kazi, akaenda kuwasha injini.

Wanawe ni wawili, mume wangu aliyekuwa akifanya kazi Eldoret na kaka yake mkubwa aliye Nairobi. Walipigiana simu wakakubaliana kwamba Desemba wakija nyumbani, injini itauzwa. Walishauliza habari za mota ya umeme wakaambiwa waya unaopita kwetu ni wa taa na kuchaji simu, hauwezi kusukuma jiwe la kusagia. Mume wangu aliponieleza uamuzi huo nilimwambia, "Mkimnyang'anya mzee injini, moshi hautamuua, atauawa na kiti cha barazani." Akaniuliza kwa hasira kidogo kama nina la kufaa zaidi. Nami, kwa kuwa ulimi wangu hutangulia kila mara, nikasema ninalo. Nitautafuta mchanganyiko wa mafuta ambao injini ile itaula bila kumchoma mzee kifua. Wanipe hadi Desemba.

Basi nikawa nimejitia kitanzi mwenyewe. Kujaribu mafuta si kazi ngumu, nimewafundisha wengine. Ugumu ulikuwa kuyajaribu mimi na baba mkwe wangu.

Sisi Wagusii tuna chinsoni, yaani heshima inayomtenga mtu na mzazi wa mwenzake. Simpi baba mkwe mkono wa salamu. Akiwa ameketi sebuleni, nasimama mlangoni. Kitanda chake, maji yake ya kuoga, mwili wake, hayo yote kwangu ni kama hayapo. Siku hizi mjini wengi wamelegeza, na wako mababa wakwe wanaopiga picha na wake za wanao wamekumbatiana kabisa. Mzee wetu hakulegeza. Aliishika chinsoni kama dereva anavyoshika breki kwenye mteremko wa matope, na mimi niliyelelewa Kenyenya kwa baba wa namna hiyohiyo sikuona ajabu.

Kwa hiyo tulijipanga hivi. Mzee alikaa ndani ya kibanda na injini yake. Mimi nilikaa nje, nyuma ya ukuta, mahali bomba la moshi linapotokea. Mama mkwe alikaa mlangoni, katikati yetu, akibeba maneno yangu kwa Tata, yaani baba, na yake kwangu.

"Mama, mwambie Tata aongeze mwendo kidogo."

"Mokamwana anasema uongeze mwendo."

"Nimesikia," mzee alijibu.

"Anasema amesikia."

Nami nilikuwa nimesikia tangu mwanzo. Sote watatu tungeweza kurushiana hindi bila kunyoosha mkono. Lakini ndivyo tulivyofanya kazi, na nikiri kwamba nilifurahia. Mama mkwe alikuwa akitia chumvi yake mwenyewe katika kila ujumbe. Nikimwambia mzee apunguze mwendo, yeye humfikishia kwamba apunguze mwendo na pia anywe uji wake kabla haujapoa.

Chuoni tuna kifaa kizuri cha kupimia moshi. Nilikiomba. Mkubwa wangu akaniambia hakitoki nje ya uzio, hata kwa siku moja. Kimefungiwa kabatini kinasubiri wageni waje wakipige picha. Nilitoka ofisini kwake nikitukana kwa Kigusii kimoyomoyo, na nikafika nyumbani nikararua shuka nyeupe vipande vipande. Kila mchanganyiko ulipewa kipande chake. Nilikifunga kwenye waya, nikakiweka mbele ya bomba wakati injini inasaga debe la mahindi makavu, mahindi ya shamba moja, chekeche ileile ya kisiagi, kisha nikakianika kwenye kamba ya nguo pamoja na vingine. Dizeli tupu iliacha duara jeusi tititi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo changu cha kushindana nacho. Mafuta yenyewe tuliyapima katika chupa ya plastiki niliyoitia alama kwa rangi ya kucha, tuone chupa moja inasaga kiasi gani. Na kipimo cha tatu, kilicho kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kifua cha mzee. Hicho alinipimia mama mkwe, maana mimi nisingeweza kukiuliza.

Tulianza na mafuta ya taa, ambayo wenye visiagi wengine huyatia kwa siri kupunguza makali ya bei ya dizeli. Injini ikaanza kugonga. Mama mkwe akaleta habari: "Anasema inasaga meno." Tukaacha siku hiyohiyo.

Nikaenda kwenye mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Mjini Kisii kuna kibanda cha chipsi cha mama mmoja aliyetoka upande wa ziwani. Tuliongea Kiswahili kwa kuwa Kijaluo sikijui, naye Kigusii kinampiga chenga. Kila wiki nilimjia na mtungi.

"Dada, hii mafuta unapeleka wapi?" aliniuliza siku moja. "Wewe unakaanga nini haiishi?"

"Nakaangia injini."

Alinitazama, akamgeukia mteja wake akasema, "Hawa watu wa Nyamira wako na pesa. Hata injini inakula chipsi." Lakini mtungi alinijazia.

Mafuta hayo yakiwa hivyo hivyo, bila kusafishwa, hayakufaa. Kwetu asubuhi ni baridi, ukungu unalala juu ya majani chai hadi watu wamekunywa chai yao, na mafuta mazito katika baridi hiyo hayataki kupita. Mzee alizungusha hendeli, akapumzika, akavua sweta, akazungusha tena. Injini ilipokubali ilitoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi, na tulipoifungua baadaye nozeli inayonyunyiza mafuta ilikuwa imeota ukoko. Nikayarudisha mafuta chuoni. Huko, jioni baada ya masomo, niliyachuja, nikayapasha moto, nikayachanganya na spiriti ya maabara na ile soda kali ya kutengenezea sabuni, yakajigawa, uzito ukashuka chini na mafuta mepesi yakabaki juu. Nikayaosha kwa maji. Yalitoka yakiwa ya rangi ya asali, mepesi, unaweza kuona kidole chako upande wa pili wa chupa.

Tulipoyatia, sehemu moja ya mafuta hayo kwa nne za dizeli, duara kwenye kitambaa lilipungua weusi. Tulipofika nusu kwa nusu, sikuamini macho yangu. Kitambaa kilitoka na kivuli cha kijivu tu, ungeweza kukiosha ukakitandika mezani. Injini ilipungukiwa nguvu kidogo tulipotia wimbi na muhogo uliokaushwa, na chupa iliisha mapema kuliko ya dizeli tupu, lakini ilisaga. Kilichobadilika sana ni harufu. Wanawake waliofika kusaga walinusa huku na huku.

"Leo mnakaanga nini?" mmoja aliuliza.

"Mandazi," mama mkwe alimjibu bila kutabasamu. "Subiri, yataiva."

Nikamuuliza swali langu la kila siku. "Mama, Tata anakohoa?"

"Hakohoi."

"Hata kidogo?"

"Humo ndani hajakohoa hata mara moja."

Niliimba. Siku zile za nusu kwa nusu niliimba nyimbo za kwaya nikiwa nimepiga magoti nyuma ya bomba la moshi, uso mweusi. Nilimpigia mume wangu simu nikamwambia aanze kunitafutia zawadi. Sikuwa najivuna bure, nilikuwa na vitambaa kwenye kamba na nilikuwa na kifua kisichokohoa. Mtu anataka nini zaidi?

Jambo moja tu nililiona nikalipita. Mzee alikuwa akitoka kibandani mara kwa mara. Mama mkwe aliniambia anaenda kumtazama ng'ombe. Nikafikiri, masikini, mzee anampenda ng'ombe wake.

Wakati huo nilikuwa pia nimeanza kushughulika na avokado. Kwetu msimu ukifika avokado huanguka zenyewe, wanunuzi huchagua zile kubwa zisizo na doa, na zilizobaki huliwa na kuku na mbwa hadi wanazikinai. Nilikuwa nazimenya, naianika nyama yake juani hadi inageuka nyeusi, kisha naikamua mafuta kwa mashine ya mkono ya chuo. Siku hiyo nilitaka majani ya migomba ya kuzifunikia kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha ng'ombe, nikaingia kwenye migomba.

Mzee alikuwa huko. Alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika mgomba, na mkono mwingine umeikandamiza kofia yake mdomoni. Alikuwa anakohoa ndani ya kofia. Mabega yake yalikuwa yanaruka, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwili unaotikisika vile. Chini ya miguu yake nyasi zilikuwa zimekanyagwa hadi udongo umetokeza. Mahali pale hapakuwa pa siku moja.

Hakuniona. Nikarudi kinyumenyume, bila majani, nikasimama karibu na ng'ombe. Nililia, na wakati huohuo nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kitu. Mzee alikuwa amekimbia kunikoholea masikioni. Angewezaje kukohoa, kutema, kuvutavuta pumzi mbele ya mokamwana aliyepiga magoti upande wa pili wa bati? Kila kifua kilipombana, aliizuia pumzi, akaondoka kwa heshima zake, akaenda kukohoa kwenye migomba. Na mimi huku nikahesabu kimya chake kuwa ushindi wa mafuta ya chipsi. Nilikuwa na miaka yote ya kusoma mitambo, na nilikuwa Mgusii tangu kuzaliwa, lakini haikunijia hata mara moja kwamba kipimo changu kinaweza kuwa na adabu.

Nilimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, nilikuuliza kila siku!"

"Nilikujibu ya humo kibandani," alisema. Alikuwa anachambua mboga na hakuinua macho. "Kibandani hakohoi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetaka akukoholee usoni? Aliniambia nisikubughudhi. Alisema msichana huyu anafanya kazi kwa moyo, nisimpelekee mambo ya makohozi." Akachukua mboga nyingine. "Halafu anajua ukisema imeshindikana, watauza."

Hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukaa. Heshima ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa peke yake, ilikuwa na pacha wake, hofu. Mzee alikuwa akificha kifua ili asipoteze injini, na kwa kukificha alikuwa ananifanya nichague mafuta yatakayokimaliza. Kuna methali inayosema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilinifika hadi kwenye meno, nikaimeza. Ziko methali ambazo mtu hamtolei baba mkwe, hata kwa kupitia mlangoni.

Nilichofanya ni kile ambacho wake wa wana kwetu wamekifanya siku zote wakiwa na neno zito. Nilisubiri mzee arudi, akae barazani na kikombe chake, nami nikasimama uani nikamwambia mama mkwe kwa sauti ya kufika soko la Kebirigo:

"Mama, nimechoka kupima kwa kitambaa. Kitambaa hakina kifua. Kinaonyesha weusi tu, na moshi si weusi peke yake. Moshi unaweza kuwa mweupe kama maziwa na ukawa unachoma koo. Mimi siwezi kuuona huo, anayeweza ni mtu aliye nao ndani. Kama mtu huyo ananificha, basi nitachagua vibaya, Desemba watakuja wamkute mgonjwa zaidi, na injini itaondoka. Nami sitakuwa na la kuwajibu."

Mama mkwe aliniangalia kwa jicho la kuniambia nimepita mpaka. Mzee akanywa chai yake, akaweka kikombe, akaingia ndani. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni, kisiagi kimeshazimwa. Sabato nzima hatukusikia neno kutoka kwake zaidi ya sala. Kanisani niliketi upande wa wanawake nikijiuliza kama nimemvunjia heshima mzee wa watu, na nilijisikia vibaya hasa, sina haja ya kupamba.

Jumapili asubuhi nilipofika nyuma ya kibanda na waya wangu, injini ilikuwa tayari imewashwa, nusu kwa nusu, kama tulivyoiacha. Nikafunga kitambaa. Mlango wa nyuma wa kibanda, ambao siku zote ulikuwa umefungwa kwa gunia, ukafunguka. Mzee akatoka. Akasimama mahali ninapoweza kumwona, mbali kidogo kama ipasavyo, uso ameugeuzia bondeni. Moshi ulipomfikia alivuta pumzi, na akakohoa. Hakuishika kofia. Alikohoa kwa nguvu zake zote, ameinama, mikono magotini, kikohozi cha mtu mzima chenye mikwaruzo na maji ndani yake. Alipomaliza alijifuta mdomo na kiganja, bado anatazama bonde, akasema bila kumpitishia mtu yeyote:

"Huu hapana, mwanangu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na ujumbe wa kubeba, akabaki ameshika kiuno.

"Unachoma wapi, Tata?" nikauliza, na sauti yangu ikawa ndogo kama ya mtoto.

"Hapa." Akagusa koo. "Dizeli inakaa chini kifuani, nzito. Huu unakwangua juu."

Ningeweza kumkumbatia, na hapo tungehitaji wazee watusuluhishe. Lakini maneno yale yalinipa kazi. Kukwangua koo kulikuwa na maana: ule uzito uliotakiwa kushuka chini na kumwagwa ulikuwa bado umebaki kwenye mafuta, na injini ikiwa baridi ulikuwa unaungua nusunusu. Niliyaosha mafuta upya, mara nyingi zaidi, nikayapasha hadi maji yote yakatoka. Tukakubaliana kuwasha kwa dizeli tupu kwanza, injini ipate joto, ndipo tufungue mchanganyiko. Nikalirefusha bomba lipite juu ya paa, kwa kipande ninachokivua wakati wa kupima. Kisha tukaanza tena kushuka kutoka nusu kwa nusu, na kila mara mzee alitoka, akasimama pale pake, akavuta pumzi. Tulikuwa na lugha fupi. "Afadhali." "Bado unakwangua." "Huu unanibana nikicheka." Huo wa mwisho nilimuuliza anacheka nini, akasema wanawake wa wimbi wana maneno.

Mchanganyiko uliofaa hatimaye ulikuwa wa avokado, sehemu moja kwa nne za dizeli. Kitambaa chake kilitoka na weusi zaidi kuliko kile cha nusu kwa nusu nilichokiimbia kwaya. Ningekwenda na kitambaa peke yake, ningeutupa. Lakini wimbi na muhogo vilisagika bila injini kushusha sauti, chupa ilidumu karibu kama ya dizeli, na mzee alisimama kwenye moshi ule akanieleza habari za mbolea, akamaliza, akaondoka kwenda kumtazama ng'ombe. Nilimfuata kwa macho. Alikwenda kwa ng'ombe kweli, akamkuna shingo, akarudi.

Desemba wanawe walifika. Tuliketi uani baada ya chakula, wanaume kwenye viti, mimi na mama mkwe kwenye mkeka upande wa jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea shahada. Niliwaonyesha vitambaa, nikawaeleza habari za uzito na baridi na nguvu ya injini. Shemeji yangu wa Nairobi alinisikiliza vizuri, ni mtu mwungwana, ila alikuwa amekuja na uamuzi wake mfukoni.

"Shemeji, haya yote nimeyaelewa," alisema. "Lakini sisi hatukuja kwa ajili ya injini. Tumekuja kwa ajili ya kifua. Kifua kikoje?" Akamgeukia baba yake. "Tata, na usitufiche. Tunajua wewe utasema umepona ili tukuachie mashine yako."

Mume wangu naye akaitikia kwa kichwa. Nilishika pindo la kanga yangu nikalivuta, kwa sababu walikuwa na haki ya kutomwamini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshadanganywa na kimya chake.

Mzee akasema, mbele ya wanawe wote wawili, mbele ya mkewe, na mbele yangu:

"Msiniulize mimi. Muulizeni mokamwana. Yeye amenisikia nikikohoa."

Shemeji yangu alimtazama baba yake kama mtu aliyesikia ng'ombe akiongea. Mume wangu alinigeukia, macho yamemtoka. Mama mkwe pale mkekani alinigusa goti kwa goti lake, maana yake, sema.

"Bado anakohoa asubuhi," nikawaambia. "Kidogo, kabla injini haijapata joto. Ikishapata joto, hakohoi."

Mzee akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo ilivyo.

Hakuna aliyetaja tena habari za kuuza.